Majivu ya Kupimia Bomba

Juzi sinki la jikoni kwangu lilianza kudondosha maji, nikamwita fundi. Alikuja kijana mchangamfu, simu ikiimba mfukoni, akajilaza chali chini ya sinki na kuanza kufungua. Mabomba ya nyumba hii ni ya zamani kuliko yeye. Kiungo cha kwanza kilipolegea yalimwagika maji machafu kidogo, na nyuma yake ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: katani iliyovunda ndani ya rangi ya mafuta. Kijana alivichokonoa vile vinyuzi vyekundu kwa ncha ya bisibisi, akacheka. "Mama, wazee hawa walikuwa wanafunga bomba kama wanaosuka kikapu!" Kisha akatoa utepe wake mweupe, laini, usio na harufu yoyote, akaanza kuuzungusha. Nilimwambia naenda kuanua nguo. Sikuwa nimeanika nguo. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikashika tama, nikamkumbuka Gaspari.

Sisi tuliokulia Ngara hatuhitaji kutajiana tarehe. Tukisema "wakati wa wakimbizi" tunaelewana. Ng'ambo ya kijiji chetu, Mabawe, kulikuwa na kilima cha kuchungia ng'ombe, na ghafla kilima kile kilifunikwa maturubai ya bluu hata huoni nyasi, na moshi wa mapishi ya watu wale wote ukawa unalala bondeni kila asubuhi. Hatukuwachukia. Lugha zao na Kihangaza chetu zilikuwa ndugu wa tumbo moja, tukisalimiana sokoni bila mkalimani. Lakini kuni ziliisha. Yalianza kuisha matawi, ikafuata miti yenyewe, kisha visiki vikang'olewa, na mwishowe mama zetu wakawa wanapikia mabua na majani makavu ya mgomba.

Baada ya kuni ikaja zamu ya maji. Walikuja watu wa shirika la misaada, chemchemi yetu ikajengewa saruji, ikafungwa mfuniko wa chuma, ikawekewa injini iliyonguruma kutwa. Bomba la chuma likalazwa juujuu ya ardhi kwa sababu ya haraka. Lilipita kando ya shamba letu, likakata kona chini kabisa bondeni, kisha likapanda kambini. Sisi wa kijijini tuliambiwa mabomba yetu yangekuja katika awamu ya pili. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani Awamu ya Pili ni mtu. Nilimwazia mzee mnene, mwenye kofia, anayekuja polepole kwa baiskeli iliyokatika mnyororo. Mpaka leo hajafika.

Baba yangu alikuwa amejifunza ufundi wa bomba misheni, kwenye nyumba ya mapadre, kwa hiyo alipata kazi ya kutembea na bomba lile na kuziba viungo vyake. Jumamosi nilimpelekea chakula, nikakaa juu ya jiwe kumtazama. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono ya taratibu. Mwisho wa kila bomba kulikuwa na mikunjo ya skrubu aliyoiita meno. Aliyasugua meno kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa, akatoa fundo la katani, akalinyoosha kwa vidole, akaanza kuzungusha nyuzi kwa kufuata upande ambao kiungo kitakazwa. Ukizungusha kinyume, alisema, ukikaza kiungo kinaisukuma katani nje, na kazi yako yote ni bure. Juu ya katani alipaka rangi nyekundu nzito. Halafu spana ile kubwa, na mishipa ya shingo ikimtoka, mpaka chuma kikatae kusogea.

Katani hiyo ilitoka kwetu. Ile ya stoo iliisha mapema, na Baba akakumbuka mikatani ya uani. Mama alikata majani, akayaponda, akayaosha, akayaanika juu ya uzio, na jioni akachana nyuzi kwa kipande cha kitana huku Gaspari, mdogo wangu, akizifukuza zile zilizopeperuka. Alikuwa mtoto mwenye tumbo la mbele na kicheko cha mtu mzima. Akipata unyuzi alijifunga kidoleni, akamwendea Baba na kumwambia, "Mimi pia nimefungwa, sivuji." Baba alikuwa anakikagua kidole kile kwa makini kabisa, akikigeuza huku na huku, ndipo anamruhusu aende.

Mama pia ndiye aliyetoa majivu. Bomba likishafungwa, Baba alilifuta kwa kitambaa mpaka likakauka kabisa, akapuliza filimbi ili mtu wa injini awashe, na maji yalipofika alichukua kopo la maziwa lililojaa majivu ya jikoni, yaliyochekechwa, akayanyunyiza juu ya kiungo. Jicho linaweza kukudanganya, alisema, hasa juani. Majivu hayadanganyi. Yakibaki meupe, umefunga. Ikitokea nukta nyeusi, hata ndogo kama kichwa cha sindano, fungua uanze upya.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa Kikatoliki, na majivu niliyajua kwa shughuli moja tu. Nilikuwa nimeona padre akiwapaka watu majivu kwenye paji la uso mwanzo wa Kwaresima, na sikuwahi kuelewa kwa nini. Nilipomwona Baba na kopo lake nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Padre naye alikuwa anapima. Watu wana viungo vyao, na kila mwaka lazima waangaliwe kama wanavuja. Mkristo mzuri ni yule ambaye majivu yake yanabaki makavu. Tangu hapo nilikuwa nakaa kanisani nikitazama mapaji ya nyuso za watu. Siku moja nilimnong'oneza Mama kwamba jirani yetu Mama Sefania anavuja, kwa sababu jasho lilikuwa limemtiririka mpaka puani. Mama alinifinya paja, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Kiungo cha pale kwenye kona, chini bondeni, kilianza kuvuja wakati wa kiangazi. Wako waliosema ng'ombe walikikanyaga, na wako waliosema jembe la mtu lilikigonga, na aliyesema hivyo alikuwa anacheka kidogo. Maji yalitoka kama uzi, kisha kama kidole. Wanawake wa kijiji hawakuhitaji kutangaziwa. Mama Sefania aliweka gamba la mgomba chini yake likawa mfereji, na mara pakawa na foleni ya ndoo na vidumu, soga na vicheko, kama enzi za chemchemi. Maji yalikuwa baridi na meupe. Gaspari hakutaka kikombe. Alikuwa anafungua kinywa chini ya mfereji na kunywa mpaka tumbo linasikika likicheza, na Mama anamvuta kwa kaptura.

Baba alijua. Njia yake ilipita palepale kila asubuhi, na kila asubuhi akawa na jambo la kutazama upande wa pili wa bonde. Kambini walikuwa wakilalamika kwamba maji yanafika kidogo, naye akawajibu kwamba anatafuta.

Kisha kambini ukaingia ugonjwa wa kuhara, na watoto wakaanza kufa. Tuliona wanaume wakipita juu kule na vifurushi vidogo vilivyofungwa kwenye mablanketi. Jioni moja tulipokuwa tunakula, Baba alisukuma sahani yake.

"Kesho nafunga kile cha kona," alisema.

Mama aliendelea kumlisha Gaspari. "Watu wa shirika wamekiona?"

"Wameona wenyewe, walikuja na gari. Lakini hata wasingeona." Akafuta mikono kwenye magoti. "Injini ikizimwa, bomba linavuta. Linanyonya chochote kilicho nje. Pale kuna tope, ng'ombe wanakunya palepale, na nyinyi mnasimama hapo na miguu yenu. Uchafu wote ule unaingia, unapanda mpaka kwa watoto wa watu."

"Na watoto wako wewe wakanywe wapi?"

"Nimeomba watuwekee hata koki moja. Wamesema awamu ya pili."

"Hiyo awamu ya pili ina miguu kweli?" Mama aliuliza. "Kambini walinzi wanatufukuza, wanasema nyinyi wenyeji. Mtoni wanafulia, wanaogesha ng'ombe. Nichemshe kwa kuni zipi? Nivunje kitanda?"

Mimi nilikuwa natazama mmoja hadi mwingine, na nilimwona Baba yuko sawa kabisa, na Mama yuko sawa kabisa, na jambo hilo lilinitisha kuliko ugomvi wowote niliowahi kuusikia.

Alikifunga mchana, mbele ya foleni nzima. Wanawake hawakuondoka. Walisimama na vidumu vyao kama watu waliokuja msibani, na Mama alikuwa miongoni mwao, Gaspari mgongoni.

"Baba Jovina," alisema Mama Sefania, akimwita kwa jina langu, kwa upole kabisa, "sisi ni ndugu zako. Kiache hata kidogo tu. Kama mkojo wa mtoto."

"Shemeji, niache nifanye kazi."

"Unatufungia sisi, unawafungulia wale."

Baba aliinama zaidi. Alifungua, akasugua meno, akazungusha katani, akapaka rangi, akakaza, akafuta. Akapuliza filimbi. Tulisikia injini ikishika kule chemchemini, na maji yakija ndani ya chuma kwa mngurumo. Akanyunyiza majivu. Sote tukainama kuangalia, na palepale ikatokea nukta nyeusi, ikakua, na mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akikosea kiungo mara ya kwanza. Mama naye alijua hivyo, maana alimtazama kwa macho yenye tumaini, na mimi nikaona anasubiri aseme kwamba kimeshindikana, chuma kimeharibika, basi.

Baba alisimama kidogo, kopo mkononi. Kisha akapuliza filimbi injini izimwe, akakifungua tena. Safari hii alizungusha katani nyingi zaidi, taratibu, uzi baada ya uzi, na majivu yalipomwagwa yalibaki meupe. Alisubiri. Sote tulisubiri. Yalibaki meupe.

"Hiyo ni katani yangu," Mama alisema, si kwa sauti kubwa. Akageuka akaanza kupanda. Wanawake wakamfuata, vidumu vitupu vikigongana.

Baada ya hapo tulikuwa tunateka mtoni. Maji yalikuwa na rangi ya chai, na ukiyaacha usiku kucha kwenye mtungi asubuhi unakuta tope chini. Mama aliyachuja kwa kitenge na kuyachemsha alipopata cha kuchemshia. Mabua yanawaka haraka na kuisha haraka. Mara nyingi maji yalipata joto tu, na mtoto mwenye kiu hasubiri. Gaspari alirudi siku moja kutoka kucheza akiwa amenyamaza. Jioni alikuwa ameharisha mpaka miguu haimbebi, na yale macho yake yakawa yamezama ndani.

Hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya kambini, mahema marefu yenye vitanda vya kamba, na pale angalau hawakutufukuza. Baba alimbeba mwenyewe kifuani. Mama alipewa kikombe na kijiko, akaambiwa amnyweshe maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, bila kuchoka. Maji ya kuchanganyia yalitoka kwenye koki iliyokuwa mlangoni pa hema. Niliona Baba alipoifungua: maji yalitoka kwa nguvu, meupe, yakamrukia mpaka kwenye shati. Aliifunga haraka kama mtu aliyeungua.

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja mkimbizi na binti yake, mtoto wa umri wa Gaspari, aliyekuwa ameanza kupata nafuu na kulialia akitaka kula. Yule mama alikuwa na uso mwema, uliochoka. Alimwambia Mama asikate tamaa, wake naye alikuwa hivyo hivyo, akiwa tayari ni wa kuzikwa. "Siku hizi maji ni mazuri," alisema kwa lugha yake, akionyesha ile koki. "Amazi meza. Zamani yalikuwa yanatuua. Imana ishimwe." Alikuwa anamshukuru Mungu, na Mama alielewa kila neno. Alimtazama yule mtoto, kisha akamtazama Baba, na Baba akatoka nje.

Gaspari alikufa kabla jua halijapanda sana, kijiko kikiwa bado mkononi mwa Mama. Kidoleni alikuwa na unyuzi wa katani aliojifunga mwenyewe, umeshakuwa mweusi kwa uchafu. Hakuna aliyethubutu kuufungua, akazikwa nao.

Tulimzika nyuma ya nyumba, migombani. Watu walilia. Mama alilia mpaka akashikwa na wanawake wawili, Mama Sefania akiwa mmoja wao. Baba hakulia. Alichimba pamoja na wanaume wengine, akashindilia udongo, akawashukuru waliokuja, uso mkavu. Naona vigumu kuandika nilichokifikiria, lakini nilikuwa mtoto: nilimwonea fahari. Watu wote wanavuja, nilijiambia, Baba yangu peke yake hana hata tone. Nilidhani ni ufundi.

Mama hakumsemesha tena. Alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, maji ya mtoni yenye rangi ya chai, yote kimya. Akitaka kumwambia kitu alinituma mimi, hata kama Baba amekaa palepale. Katani iliachwa juu ya uzio mpaka mvua zikaiozesha. Majivu hakuyachekecha tena, aliyamwaga migombani yakiwa bado na makaa. Baba alianza kuomba majivu kwa majirani, na majirani walimpa bila kumtazama. Usiku nilikuwa nalala katikati ya ukimya ule nikiogopa kwamba siku moja Mama ataondoka arudi kwao Nyakahura, na kila nilipotoka shule nilikimbia, nione kwanza kama kitenge chake kiko kambani.

Ikafika Jumatano ya Majivu. Tulikwenda kanisani watatu, Baba mbele, Mama nyuma, mimi katikati. Foleni iliposogea nilihakikisha niko mahali ninapoweza kuona. Padre alimpaka Baba msalaba mnene wa kijivu, na katika misa yote sikufumba macho. Ulibaki mkavu. Nilitaka kumwambia Mama autazame, nilidhani ungemfurahisha, kwamba huyu mtu hana kasoro, amepimwa na padre mwenyewe. Lakini Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Tulirudi kwa njia ya bondeni kwa sababu ile ya juu ilikuwa na utelezi. Tulipofika kwenye kona Baba alipunguza mwendo. Kile kiungo kilikuwa palepale, rangi nyekundu ikiwa imekauka ukingoni, na chini yake nyasi zilikuwa zimeota upya pale walipokuwa wakisimama wanawake. Gamba la mgomba la Mama Sefania lilikuwa bado limelala pale, limeoza. Injini ilikuwa inafanya kazi, ukisikiliza ulisikia maji yakipita. Baba alikaa juu ya bomba. Alifanya kama anataka kukagua kitu, akaweka kiganja juu ya kiungo, akakigeuza kiganja, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

Ndipo akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yalianza kwanza, kisha sauti ikatoka, sauti mbaya, kama ya spana inayoteleza juu ya chuma. Alijisugua uso juu na chini, juu na chini, na alipoondoa mikono ule msalaba haukuwepo tena. Majivu yalikuwa yameteremka mpaka kidevuni, yameloa, meusi.

Niliogopa sana. "Mama," nilisema, "Baba anavuja."

Nilijua la kufanya, nilikuwa nimeliona mara nyingi: unafuta kwanza, mpaka pakauke kabisa. Nikashika upindo wa gauni langu la kanisani nikamsogelea nimfute. Mama alinidaka mkono. Alikaa juu ya bomba, karibu na Baba, karibu kuliko alivyowahi kukaa tangu siku ile ya mazishi, akanivuta magotini pake.

"Muache," alisema. Halafu akamgeukia yeye mwenyewe, bila kunituma mimi. "Baba Jovina. Lia."

Tulikaa pale mpaka injini ilipozimwa, na bomba tulilolikalia likanyamaza.